Sufuria ya Nkambo Iliyotaka Kuruka

Wiki iliyopita niliunguza bukari. Mama alikuwa ameniambia niuangalie dakika tano tu, nami nilikuwa nimeegemea friji na kitabu cha sayansi mkononi, nasoma sura ya watu walioanza kurusha vyombo angani, maana Jumatatu tulikuwa na mtihani. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Unga ukianza kushika chini ya sufuria hauanzi na moshi. Unanukia kwanza kama shati lililopigwa pasi ya moto mno, tamu kidogo, halafu ndipo moshi unapokuja. Nikazima gesi, nikasimama pale na mwiko, na badala ya kuwaza Mama atasema nini nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimekumbuka likizo ya Disemba nilipokuwa na miaka saba, nilipokaribia kumfanya Nkambo anyang'anywe jiko lake, huku nikiamini kwamba naokoa maisha yake.

Naandika hapa kwa sababu darasani sikuweza kusema. Picha za kitabuni zote ni za wanaume wenye tai, wamesimama mbele ya ubao uliojaa hesabu. Mwalimu akauliza kama kuna mtu anayejua lolote kuhusu mambo hayo ambalo halimo kitabuni. Mimi najua. Mkono wangu ukabaki juu ya dawati, kama kawaida yake. Mkono wangu una aibu kuliko mimi mwenyewe.

Nkambo ni bibi. Kwetu Katanga ndivyo tunavyosema. Yeye ni mama yake Mama. Wakati ule tulikaa wanne kwenye fleti ya ghorofa ya tatu hapa Berea: Nkambo, Mama, mimi na Tonton Dédé, mdogo wake Mama. Kazi ya nyumba nzima ilikuwa chakula cha mchana cha madereva wa malori kule kwenye yadi ya Clairwood. Nkambo alipika, na saa tano Mama na Tonton walipakia masufuria kwenye bakkie, pikapu ya Tonton, wakayafunga kwa kamba ya nailoni, wakateremka mjini. Madereva wengi walikuwa watu wa kwetu, Wakongomani, pamoja na Warundi na Watanzania, watu waliochoka mikate na waliotaka kitu cha kukaa tumboni mpaka jioni. Walitaka bukari, ambao wengine mnauita ugali, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa mpaka yanakuwa laini kama siagi.

Nkambo alikuwa na masufuria mengi, lakini bukari aliupikia ndani ya moja tu. Ilikuwa ya chuma cheupe kisichopata kutu, ndefu, imenyooka toka juu mpaka chini. Vishikio vyake viwili vilikuwa vimechomelewa bila kulingana, kimoja juu kidogo ya kingine. Ilijaa mara tatu kila asubuhi, na mara zote tatu alisimama juu yake na mwiko kama mtu anayepiga kasia.

Siku moja mwanzoni mwa likizo ile nilimuuliza, "Nkambo, kwa nini sufuria yako haina tumbo kama zingine?"

"Kwa sababu haikuzaliwa sufuria, mama. Ilizaliwa roketi."

Alikuwa akiniita mama, kama wanavyofanya wazee wa kwetu kwa watoto wa kike. Akaniambia, huku akichambua majani, kwamba alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa, Wajerumani walikuja kwao, kwenye uwanda wa juu ulioko upande wa mto Luvua, wakasema wanataka kurusha roketi kutoka pale. Wanaume wa vijiji vya karibu waliandikwa kazi. Walifyeka pori, walichimba, walibeba mabomba mabegani kutoka uwanja wa ndege. Wanawake wakaandikwa kupika.

"Roketi yenyewe ilikuwa mabomba tu," alisema. "Mabomba marefu, wameyafunga pamoja sawa kuni. Ndani wanatia mafuta. Na ile ya kufungua mafuta yapite, ilikuwa mota ya waipa ya motokari. Motokari ya kawaida, ya watu."

Tonton alikuwa anakunywa chai mlangoni. "Maman, usimdanganye mtoto. Roketi na mota ya waipa?"

"Dédé, bakkie yako yenyewe waipa hazifanyi. Nyamaza."

Kipande kimoja cha bomba kilibaki, akaendelea, na mchomeleaji wa kambi akakitilia kitako na vishikio, akawapa watu wa jikoni. Kambi ilipofungwa na Wajerumani wakaondoka, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Nkambo akabeba sufuria. Ilipita Kalemie, ikapita Lubumbashi, ikapita mipaka yote, na sasa ilikuwa juu ya jiko letu la gesi ikichemka.

Hadithi ingeishia hapo isingekuwa na ubaya. Lakini nikauliza, "Na zile namba?"

Nkambo alikuwa na namba. Nilizijua tangu nazaliwa na nilidhani ni wimbo wa jikoni. Bukari ukishashikana, alipunguza moto kidogo, akaufunika ili uive na mvuke, akageukia sinki, akaanza kuosha vyombo akihesabu: tsen, noin, aht, ziben, zeks. Kila namba ilichukua muda wa kuosha sahani moja. Funf, fia, drai, tsvai, ains. Alipofika nul, alifuta mikono, akaipua.

"Njo namba za Bazungu," alisema. "Walikuwa na vipaza sauti juu ya nguzo. Sisi jikoni tunasikia. Wanahesabu kwa kurudi nyuma toka kumi, tsen, noin, aht... Wakifika nul, njo sifuri, moto unatoka chini, inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Juu, mama. Itaenda wapi tena?"

Sasa nifikirieni mimi mwenye miaka saba. Sufuria ilikuwa bomba la roketi. Moto ulikuwa chini yake. Na kila siku, mara tatu, bibi yangu aliihesabia mpaka nul kwa Kijerumani. Sikukosa sababu hata moja. Kitu pekee nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini haikuwa imeenda bado, na jibu nililojipa ni kwamba bahati ilikuwa karibu kuisha.

Mtoto mwingine angeuliza. Mimi nilikuwa mtoto ambaye akigongewa mlango anajificha bafuni. Sikuuliza. Kesho yake, Nkambo alipofunika sufuria na kunigeuzia mgongo, nilisubiri aseme "noin", nikanyoosha mkono, nikazungusha swichi mpaka moto ukawa mdogo kama wa njiti ya kiberiti. Aliposema "ains" niliurudisha ulivyokuwa, nikakimbilia chini ya meza na kuziba masikio. Nul. Kimya. Nkambo akaipua sufuria yake, akasukuma mwiko ndani, akasema, "Mh." Honi ya Tonton ilikuwa tayari inalia chini barabarani. Hakukuwa na muda wa kuirudisha.

Nilifurahi siku ile kuliko siku ya kuzaliwa kwangu. Nikafanya vilevile siku iliyofuata, mara zote tatu, na iliyofuata, na iliyofuata.

Habari za Clairwood zilianza kupanda ngazi pamoja na masufuria matupu, ambayo hayakuwa matupu tena. Kulikuwa na dereva mmoja Mtanzania, Shaibu, ambaye Mama alimwiga vizuri sana mpaka unamwona. Jumanne alikuwa amefunua sahani yake na kusema, "Dada, leo mmetuletea uji wa mgonjwa?" Jumatano alisema, "Dada, kawaambie jikoni kwamba sisi tunaendesha malori, hatujalazwa." Alhamisi hakusema kitu. Alikwenda kununua kwa mama mmoja wa Kizulu aliyeuza upande wa pili wa geti, na wengine watano wakamfuata.

Mama alimwiga Shaibu kwa kucheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu hakumwiga.

Nkambo alibadilisha unga. Akabadilisha maji, akayachemsha zaidi. Akaondoa mtungi wa gesi akautikisa, akauliza kama Tonton amenunua gesi ya wizi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mezani nikichora. Siku moja nilimwona ameweka mikono yake miwili juu ya meza mbele yake, viganja chini, anaitazama kama mtu anayetazama watoto waliorudi na ripoti mbaya ya shule.

"Mikono inasahau," alisema. Sikujua kama anaongea na mimi.

Ijumaa mchana, Mama na Tonton walizungumza kwenye korido kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo kila mtu kwenye fleti anaisikia.

"Kuanzia Jumatatu nitapika mimi," Mama alisema. "Maman apumzike. Kazeeka, Dédé. Siyo dhambi."

"Nani atamwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mdogo! Wewe ndiye mkubwa, Thérèse."

"Wewe ndiye mwanaume."

"Eish, leo ndiyo nimekuwa mwanaume?"

Mlango wa chumba ukafunguka na Nkambo akatokea, na kitambaa chake cha kichwa mkononi. "Hakuna wa kuniambia," alisema. "Nimesikia. Kesho Jumamosi nitapika ya mwisho. Jumatatu, Thérèse, utachukua mwiko." Akarudi ndani. Mama akabaki ameangalia ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, au nusu yake. Nilielewa kwamba bukari mbichi ulitoka kwenye kidole changu na si kwenye mikono ya Nkambo. Nikisema ukweli, wataniambia niache moto, na moto ukiachwa sufuria itafika nul na nguvu zake zote, na Nkambo huwa ameishika. Nisiposema, Nkambo hataruka, lakini atakaa kwenye kiti cha dirishani bila mwiko, na mimi nilikuwa nimemwona Nkambo kwenye kiti kile siku moja tu, alipokuwa na malaria, na alikuwa mdogo mno. Nilitaka bibi yangu abaki chini na nilitaka abaki jikoni. Kwa akili yangu ya wakati ule vitu hivyo viwili havikuwezekana pamoja.

Jumamosi asubuhi, Nkambo akiwa chumbani anasali, niliingia jikoni na kamba ya nailoni ya Tonton. Nilijua fundo moja tu, la kamba za viatu. Nikafunga kishikio cha kwanza cha sufuria kwenye nondo za dirisha, mafundo manne. Nikafunga cha pili kwenye bomba la maji chini ya sinki, mafundo sita. Kisha nikakaa mezani na kitabu changu cha kuchora, nikiwa na amani kabisa. Sasa moto ungeweza kuachwa.

Nkambo aliingia akifunga aproni. Akasimama.

"Riziki."

"Nkambo."

"Nani amefunga sufuria yangu sawa mbuzi wa Krismasi?"

Mama akaja. Tonton akaja na mswaki mdomoni. "Kamba yangu!" alisema. "Tangu saa kumi na mbili naitafuta!"

Wote watatu wakaniangalia, na mimi, ambaye sijawahi kuangaliwa na watu watatu kwa mara moja bila kutaka kufa, nikaanza kulia na kusema kwa wakati mmoja. Nilisema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema. Nilisema kwamba ni roketi, na imeshahesabiwa mara nyingi, na siku moja itakwenda, na Nkambo ataishikilia kwa sababu hawezi kuiacha, na atapita juu ya fleti zote za Berea na bahari na hatutamwona, na ndiyo maana nilikuwa nikipunguza moto, lakini sasa nimeifunga, kwa hiyo apike tu, apike hata Jumatatu, haiendi popote.

Tonton alitoa mswaki mdomoni, akakaa juu ya gunia la unga, akacheka mpaka povu la dawa ya meno likamtoka puani. Mama alijifunika uso na kanga na mabega yake yakawa yanaruka. Nkambo peke yake hakucheka.

"Ulikuwa unapunguza moto?"

"Ndiyo, Nkambo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa siku tuliyokwenda kanisani."

"Nikifika namba gani?"

"Noin."

Nkambo aliinua mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini. Halafu hakuongea na mimi. Aliongea na Mama.

"Umesikia, Thérèse? Haikuwa mikono."

Mama aliacha kucheka. Akaondoa kanga usoni. "Nimesikia, Maman."

"Haikuwa mikono yangu."

"Haikuwa, Maman. Nisamehe."

Ndipo Nkambo akacheka, kicheko kilichoanzia mbali kama lori linalopanda mlima, akanivuta nikajaa kwenye aproni yake iliyonuka vitunguu. "Sasa sikiliza, mama. Roketi inaruka kwa sababu ya kile Bazungu walitia ndani. Mimi natia nini ndani? Unga wa mahindi. Umeshaona mtu amekula bukari akaruka? Ukila bukari hata kusimama unashindwa. Uliza tonton wako."

"Ni kweli," Tonton alisema kutoka kwenye gunia.

Hatukufungua kamba. Nkambo alisema iachwe kwa usalama wa Tonton. Akapika, akafunika, na safari hii hakuosha vyombo. Alinisimamisha juu ya kiti, mkono wangu chini ya mkono wake juu ya kifuniko, akaniambia nihesabu mwenyewe. Nilihesabu. Kwenye tsvai nilifumba macho. Kwenye ains nilimshika aproni. Nilisema nul kwa sauti ndogo, labda isisikie. Nkambo akafunua, mvuke ukatupiga usoni, na sufuria ikakaa pale pale, na ndani yake kulikuwa na bukari mgumu, mweupe, unaong'aa, uliojitenga na chuma pande zote kama unavyotakiwa.

"Nkambo," nilisema, maana ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka, "ile ya kweli ilikuwaje ikienda?"

"Sijui. Sikuona."

"Hukuona?"

"Dirisha la jikoni lilikuwa upande mwingine, na mkubwa wa jikoni hakutaka mtu atoke. Tulisikia. Sahani zote zilitetemeka juu ya kabati, na sisi tukazishika." Akaanza kugeuza bukari kwenye beseni. "Siku moja walikuja wakubwa kutoka Kinshasa kuiangalia. Tulipika tangu usiku, mbuzi, kuku, samaki wa Luvua. Ikatoka, ikapinda, ikaanguka kule bondeni. Wakubwa wakakasirika, wakapanda ndege zao, hawakugusa kitu. Siku hiyo jikoni tulikula sisi! Tulikula mpaka wengine wakalala chini."

"Na siku zingine? Waliokula walisema chakula ni kizuri?"

"Sahani zinatoka kwa mlango zimejaa, zinarudi tupu. Njo vile tulijua."

Mama alikuwa anafunika beseni na taulo. Alisimama kidogo, taulo mkononi. Halafu akasema, "Maman, vaa viatu. Leo unaenda na sisi."

"Wapi?"

"Clairwood. Kawaambie mwenyewe."

Nkambo alisema magoti, akasema ngazi, akasema nani atabaki na sombe. Lakini alikuwa ameshavua aproni. Halafu akaivaa tena, akasema akienda bila aproni watajuaje ni nani. Tukakaa wanne kwenye siti ya watu watatu, mimi mapajani mwake, na kila tuliposimama kwenye robot nyekundu, taa za barabarani, Tonton aligeuka kumwangalia kana kwamba amempakia bibi harusi. Miaka yote ile Nkambo alikuwa amepikia yadi ile, na alikuwa hajawahi kuiona.

Malori yalikuwa yamepangwa sambamba, marefu, na madereva walikaa kwenye kivuli cha trela. Shaibu alikuwepo, upande wa mama wa Kizulu, na sahani mikononi. Akatuona, akaja kwa kujivuta, kwa adabu tu.

"Dada, leo ni uji au..." Akamwona Nkambo akishuka na aproni. "Shikamoo, bibi."

"Jambo, baba," Nkambo alisema, kwa sababu sisi shikamoo hatuna.

"Huyu ndiye mpishi," Mama alisema.

"Mpishi si wewe?"

"Mimi nabeba tu. Miaka yote nabeba tu."

Shaibu alimwangalia Mama, akamwangalia Nkambo. Kisha akaenda, akarudi na kreti tupu la mkate, akalipindua, akalifuta kwa mkono wa shati lake. "Kaa, bibi. Karibu sana. Jamani, njooni, mpishi yuko hapa!"

Walikuja mmoja mmoja, wakijifuta mafuta mikononi, wakimsalimu Nkambo, kila mtu kwa lugha ya kwao. Mimi nilisimama nyuma ya mgongo wa Nkambo, lakini kupitia chini ya mkono wake niliona vizuri. Shaibu alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota sombe, akatia mdomoni. Akatafuna. Akakata lingine.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Usinisemeshe, dada. Nakula."

Nkambo akacheka kimya kimya; nilisikia mgongo wake ukicheka. Shaibu alimaliza nusu ya sahani kabla ya kuinua kichwa.

"Bibi, na Jumatatu? Anapika nani?"

Nkambo alimgeukia Mama. Mama alikuwa ameinamia masufuria, anapanga vifuniko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mjibu, Maman," alisema bila kuinuka.

"Mimi," Nkambo alisema.

Tonton alikuwa na haraka, alitaka kuwahi mzigo wa mtu Morningside. Alipiga honi mara moja, akapiga tena. Nkambo hakugeuka. Alikaa juu ya kreti lake, mikono mapajani, akawaangalia watu wakila mpaka wa mwisho aliporamba kidole.